Naombeni ushauri: nimweleze vipi mchoraji Surikov kwa dakika kumi?

Mwanzisha uzi: Habari za jioni wakuu. Nasoma sanaa, na Ijumaa nasimama darasani kumzungumzia Vasily Surikov, Mrusi aliyechora historia ya kwao. Nimeandika hivi: kazaliwa Krasnoyarsk, Siberia, mwaka 1848, ukoo wa Kosaki (jamii ya askari wapanda farasi wa Urusi), baba kafariki mapema, tajiri wa dhahabu, Pyotr Kuznetsov, kamlipia masomo St. Petersburg, kafa Moscow 1916. Jana nilimsomea dada yangu, akasinzia kabla sijafika kwenye picha hata moja. Nampenda mno mchoraji huyu, imeniuma. Nifanyeje?

Brashi Kavu: Mkuu, anza na kunguru. Surikov alimwona ametua kwenye theluji, bawa moja kaliachia pembeni, doa jeusi juu ya weupe. Hakumsahau. Ndiyo asili ya picha "Boyarina Morozova" ya 1887: mwanamke wa ukoo wa kitajiri, wa Waumini wa Kale (Wakristo wa Urusi waliokataa mabadiliko ya ibada kanisani), nguo nyeusi, minyororo, anapelekwa kifungoni kwa sleji, gari la kuburutwa kwenye theluji, huku kainua vidole viwili, ishara ya msalaba ya kundi lake, juu ya umati. Waonyeshe picha kwanza, miaka ifuate.

Mama Rangi: Naunga mkono. Ongeza na alivyohangaika: sleji iligoma kwenda! Ikabidi aunge kitambaa kwa chini, theluji izidi kati ya sleji na fremu, ndipo ikatembea. Picha ina upana wa karibu mita sita, na bado sentimita chache za theluji zilimkosesha raha.

Mjukuu wa Mvuvi: Mkewe Elizaveta usimruke, tafadhali. Alifariki 1888, na Surikov akaacha brashi, akarudi Krasnoyarsk na binti zake wawili. Mdogo wake Alexander ndiye aliyemsukuma achore mchezo wa kwao wa kuvamia ngome ya theluji kwa farasi. Picha hiyo ya 1891 imejaa vicheko. Mimi nikikumbuka ametoka kuzika, hunitoa machozi.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Kuznetsov nimtoe?

Brashi Kavu: Hapana, mpe sentensi moja. Bila pesa zake kijana asingetoka Siberia.

Mwanzisha uzi: Nimemsomea dada upya, nimeanza na kunguru. Yuko macho, anauliza yule mwanamke walimfanya nini.

Mama Rangi: Walimfungia shimoni kule Borovsk. Alikufa kwa njaa mwaka 1675.