Mama ana magoti mabovu, hawezi mazoezi. Chakula peke yake kinaweza kupunguza uzito?

Mzizima88
Wakuu, salaam. Mama yangu ana miaka 61, kilo 94, urefu sentimita 158. Magoti yamesagika na daktari amesema uzito upungue. Kutembea kwake mwisho ni dukani na kurudi. Ana sukari (metformin na glibenclamide) na presha (amlodipine). Asubuhi anakula chapati mbili na chai ya maziwa vikombe viwili, mchana wali na maharage ya nazi, usiku ugali wa dona na dagaa au samaki wa kukaanga. Mwenyewe anasema hali chakula kingi, na kweli sahani yake haijai. Naomba hesabu kamili, maana "punguza mafuta na sukari" tumeshaisikia sana.

jiko_la_pwani
Inawezekana. Nusu saa ya kutembea kwa mtu wa uzito wake inatumia kalori 150 hivi, na chapati moja inazirudisha zote na kuzidi. Kwa hiyo hata angekuwa na magoti mazima, kazi kubwa ingebaki jikoni.

Kwa umri, urefu na uzito aliotaja mkuu, mwili wake unatumia takribani kalori 1,750 kwa siku bila mazoezi. Akila 1,250 hadi 1,300 atapungua karibu nusu kilo kwa wiki. Asishuke zaidi ya hapo bila mtaalamu kumsimamia, kwa sababu atapoteza misuli, na misuli ya paja ndiyo inayolishikilia goti.

Sasa tazama asubuhi yake. Chapati ya kusukuma, unga gramu 60 na mafuta ya kupaka na kukaangia, haipungui kalori 300. Mbili ni 600. Kikombe cha chai chenye nusu maziwa na vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa ni kama 150, viwili ni 300. Jumla 900, na saa nne haijafika. Ndiyo maana sahani haijai na mtu hapungui.

Badala yake: mayai mawili ya kuchemsha (150), kiazi kitamu kimoja cha ukubwa wa ngumi (110 hadi 120) na chai yenye maziwa kidogo bila sukari. Hazifiki 300.

Mchana: wali kikombe kimoja uliokwisha kuiva (200 hivi), maharage kikombe kimoja (230, na protini gramu 15), mchicha au matembele nusu ya sahani, mafuta nusu kijiko cha chakula. Nazi ndiyo itakayoleta ugomvi. Nyama ya nazi ina kalori kama 350 kwa gramu 100, na unachokamua kwenye tui zito ni mafuta hasa. Maharage yaungwe kwa nyanya, kitunguu na karoti. Tui libaki la Ijumaa, na liwe jepesi.

Usiku: ugali wa unga gramu 80 (290), dagaa wakavu gramu 30 (100, protini 17 au zaidi), mboga, mafuta nusu kijiko. Samaki achomwe au apikwe mchuzi.

Dona ni bora kwa nyuzinyuzi, ila kalori zake ni zilezile za sembe: gramu 100 za unga, karibu 360. Anayekula dona rundo kubwa akiamini halinenepeshi anajidanganya. Na mtama ni hivyohivyo.

mama_wa_vipimo
Niongeze la mafuta, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi zinapotelea. Kijiko cha chakula ni kalori 120. Mpishi anayemimina moja kwa moja toka kwenye galoni hajui ametia vijiko vinne au vinane. Pima hivi: angalia lita moja inaisha kwa siku ngapi. Lita ina kalori 8,200 hivi. Watu wanne wakiimaliza kwa siku tano, gawa kwa 20: kila mtu anakunywa zaidi ya kalori 400 za mafuta kwa siku bila kuyaona. Toa kijiko cha chakula, kitundike jikoni, na mafuta yasiingie sufuriani bila kupita kwenye kijiko hicho.

Dawa_na_Dozi
Kabla hamjagusa wali na ugali, someni hapa. Metformin peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, lakini glibenclamide inaisukuma kongosho itoe insulini hata kama mtu hajala. Ukipunguza wanga ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaanguka. Kwa mtu wa miaka 61 hiyo ni hatari kweli, na dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo sukari inaweza kuanguka tena baada ya kupanda.

Aende kliniki KWANZA, aseme anaanza kupunguza chakula, dozi iangaliwe. Asiikate mwenyewe. Nyumbani apime asubuhi kabla ya kula na jioni kabla ya kula. Kipimo kikiwa chini ya 4 (mmol/L), au akitetemeka, akatokwa jasho, akachanganyikiwa: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale. Asipoweza kumeza, msimpe kitu mdomoni, kimbizeni hospitali.

Presha nayo hushuka uzito ukipungua. Akianza kusikia kizunguzungu anaposimama, ipimwe, huenda na dawa hiyo ikapunguzwa.

Kasi_ya_Ziwa
Kwa nini msimwambie aache wanga kabisa? Watu wanapungua kilo nne wiki ya kwanza.

jiko_la_pwani
Sehemu kubwa ya hizo kilo nne ni maji, mkuu. Wanga uliohifadhiwa mwilini unashikilia maji, ukiisha nayo yanatoka, na ukila ugali tena yanarudi. Kuacha wanga kunawasaidia baadhi ya watu, sipingi, lakini kwa anayetumia glibenclamide ni kucheza na moto.

mazoezi_ya_kiti
Hawezi kutembea mbali, haina maana hawezi chochote. Akae kwenye kiti imara, anyooshe mguu mmoja mbele, akaze paja, ahesabu mpaka tano, ashushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Hayapunguzi uzito, yanazuia misuli kuyeyuka. Maumivu kidogo siyo tatizo. Goti likivimba siku ya pili, apunguze. Kwa faida ya kumtia moyo: kila kilo moja inayopungua mwilini inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Akishuka kilo tano tu ataanza kuona tofauti kwenye ngazi.

Mzizima88
Shukrani sana. Maswali mawili. Saa kumi jioni njaa inamsumbua, na jirani amemshauri uji wa lishe. Pia amepewa chai ya kupunguza tumbo, inamfanya aende choo mara tano.

mama_wa_vipimo
Uji wa lishe wenye karanga, soya, maziwa na sukari ndio tunaowapa watoto wanaotakiwa kuongezeka uzito. Hapo mmekosea mlango. Saa kumi ampe tango, karoti, au mtindi nusu kikombe usio na sukari. Karanga zinashibisha, lakini konzi moja ya gramu 30 ni kalori 170, kwa hiyo zihesabiwe na kopo lirudi kabatini.

Hiyo chai aitupe. Chai nyingi za aina hiyo zina sena, ni dawa ya kuharisha. Anachopoteza ni maji na potasiamu, mafuta yako palepale.

Mzani ni mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya choo na kabla ya chai, nguo nyepesi. Na kiuno kipimwe kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa kitovu. Uzito ukiganda wiki tatu mfululizo, msikimbilie kukata ugali zaidi. Rudini kwanza kwenye kijiko cha mafuta, kisha kwenye kuonja mboga wakati wa kupika.

Mzizima88
Anaonja sana, kweli. Kliniki ni Jumanne, nitakwenda naye.