Tupeane uzoefu: wenye valvu ya moyo inayovuja, miaka inakwendaje?

NyotaYaTanga: Mdogo wangu, miaka 19, leo kapimwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Valvu ya mitrali, mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo, inavuja, kiwango cha kati. Mama hajala tangu asubuhi, anauliza mtoto ataishi kweli? Mliopitia, nijibuni.

Chumvi2: Poleni. Yangu inavuja kidogo, miaka mingi sasa. Napima eko kila mwaka, nalima, nimezaa. Kuna wanaozeeka nayo bila kupasuliwa.

MamaMapacha: Umenikumbusha mbali. Mimba ya miezi saba, pumzi ikaanza kukata. Zahanati wakasema pumu. Kulala chali nikashindwa, nikawa nalala nimekaa ukutani. Usiku mmoja nikakohoa povu jekundu-jekundu, midomo ikawa ya bluu, mume akanibeba hadi kwenye bajaji huku anasoma Yasini. Hospitali ya mkoa wakaniwekea oksijeni na sindano ya kutoa maji. Mkojo ulipotoka ndipo nikavuta hewa. Kumbe mimba huongeza damu mwilini karibu nusu, na valvu yangu ilishaharibika tangu utotoni: mafindofindo kila mara, magoti yanavimba, tukidhani ni malaria. Baadaye nikawekewa valvu ya chuma pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku mpaka kufa.

Kigoda: Kwa nini chuma? Si wangekuwekea ya mnyama, uachane na warfarin?

MamaMapacha: Ya mnyama huchakaa, miaka 10 au 15, na kwa vijana upesi zaidi. Nirudi kupasuliwa kifua tena?

Kigoda: Ila warfarin na ujauzito haviendani. Binti wa miaka 19 lazima aambiwe hilo mapema.

MamaMapacha: Hapo umesema kweli.

Mlimani_B: Kitunguu saumu na limau, asubuhi kabla ya kula. Shangazi yangu alipona kabisa.

Chumvi2: Alipona nini, eko ilionyesha? Valvu yenye kovu haizibwi na limau. Na kitunguu saumu kingi juu ya warfarin, mtu anavuja damu.

Mlimani_B: Sijamlazimisha mtu.

Chumvi2: Anayesoma hapa ni mama aliyechanganyikiwa. Usimpe njia ya kuacha dawa.

Tulia: Mchicha na matembele waache kabisa wenye warfarin.

MamaMapacha: Hapana. Mimi nakula, ila kiasi kilekile kila wiki, na INR, kipimo cha damu inavyoganda, napima.

SindanoYaMwezi: Nyota, ulizeni chanzo. Kama ni homa ya baridi yabisi, ile inayofuata mafindofindo na kuvimbisha magoti, ataandikiwa penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka. Inauma, mguu unakuwa mzito siku nzima. Asiruke hata moja, maana kila homa ikirudi inaikata valvu zaidi.

NyotaYaTanga: Magoti yalimvimba darasa la nne! MamaMapacha, watoto walipona?

MamaMapacha: Wote wawili. Wako darasa la tatu.

Kigoda: Na akienda kung'oa jino, aseme kwanza ana tatizo la valvu.