Mrejesho: Gitaa la binti yangu anayetumia mkono wa kushoto

Niliuliza iwapo binti yangu, ambaye ni mashoto, anunuliwe gitaa la mashoto au ajifunze kwa lile la kawaida. Tumechagua la kawaida, hasa kwa sababu ataweza kuazima jingine popote aendapo, na pia mkono wake mwepesi, yaani wa kushoto, ndio utakaobana nyuzi, kama ulivyo wa mpiga gitaa Mark Knopfler, ambaye naye ni mashoto. Ushauri wa kuligeuza na kupanga nyuzi upya, alivyofanya mpiga gitaa mashoto Jimi Hendrix, tuliuacha: vijifereji vinavyoshika nyuzi juu ya shingo ya gitaa vimechongwa kufuata unene wa kila uzi, na kipande kinachobeba nyuzi kwenye daraja (sehemu ya mwili wa gitaa nyuzi zinapoishia) kimelazwa mshazari, hivyo bila fundi kuvirekebisha sauti zingepotoka. Anaendelea vizuri, ingawa mkono wa kulia bado unasuasua kwenye mdundo.