Seva ina PHP ya zamani, bosi hataki izimwe. Nifanyeje?

Fundi_Waya: Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, usingizi umenikimbia. Nasimamia mfumo wa kuombea kazi wa taasisi moja, unatumia lugha ya PHP, toleo 8.0.28. Juzi nimesoma kuhusu CVE-2023-3824, lile tundu la usalama la phar (kifurushi cha PHP kinachobeba faili nyingi ndani), nikaishiwa nguvu. Bosi hataki mfumo uzimwe hata saa moja. Nikiiacha mpaka mwisho wa mwezi kuna shida?

Mzee_Kodi: PHP bado ipo? Hamia Python ulale.

Binti_Pangani: Mkuu, mfumo wako unafungua phar za watu? PHP inaposoma orodha ya vilivyomo ndani ya phar, haikagui vya kutosha urefu wa majina ya faili. Ni debe la mahindi kwenye kibaba: yanayomwagika yanaangukia kumbukumbu (memori) ya jirani, na mjanja anaweza kuyapanga yawe amri zake. Kama hufungui, pumua.

Fundi_Waya: Watu wanapakia vyeti tu.

Binti_Pangani: Nani anapakia, na programu yako inavifanyaje?

Kipanga77: Umenikumbusha tovuti ya harusi ya shemeji. Nilipuuza apdeti, wageni wakaikuta inauza dawa za nguvu za kiume. Mpaka leo salamu zangu haitikii.

Fundi_Waya: Haya, niseme ukweli. Anapakia yeyote, hata asiye na akaunti. Vyeti vinakuja kifurushi kimoja, nami nakiorodhesha kwa phar://, ile anwani ya PHP ya kusomea vilivyomo ndani ya kifurushi, niliona ni njia rahisi. Ila nimeshazuia majina yanayoishia .phar, kwa hiyo sioni haja ya papara. Tena bosi nilishamwambia nimesasisha tangu wiki iliyopita.

Ustadhi_Mtandao: Na hela ya kazi hiyo umekula? Mrudie bosi wako, uongo una miguu mifupi.

Binti_Pangani: Jina si kitu! Phar inavaa .jpg na phar:// inaifungua vilevile. Usiku huuhuu toa hiyo phar://, tumia ZipArchive, zana ya PHP ya kusoma zip. Kisha pandisha PHP. Tundu lilizibwa 8.0.30, lakini tawi la 8.0 halihudumiwi tangu Novemba 2023, usipange kukaa hapo. Na pitia kumbukumbu za matukio ya seva (logi), huenda mgeni alishaingia.

Kobe_Mwepesi: LockBit, lile genge linalofunga data za watu na kudai fidia, liliingiliwa na polisi wa Uingereza pamoja na FBI, Februari 2024. Mkuu wao aliandika mwenyewe kwamba alizembea kusasisha PHP, akashuku tundu hilihili. Alikuwa na 8.1.2. Jambazi kaingiliwa kwa kukosa apdeti, nilicheka mpaka nikakohoa.

Mtu_Chake: Hii chai. Mleta mada miezi miwili nyuma alikuwa anauliza soko la mayai ya kware, leo ana seva ya taasisi?

Mzee_Kodi: Chai ya maziwa, tena na maandazi.

Fundi_Waya: Kware walikufa, nikarudi kwenye kompyuta, kosa liko wapi? Mnaosema chai, ukurasa wa phpinfo wa seva, unaoonyesha toleo na mipangilio yake yote, huu hapa: [kiungo]

Binti_Pangani: WEWE! FUTA HICHO KIUNGO SASA HIVI!

Mtu_Chake: Nimeshafungua. 8.0.28 kweli. Samahani mkuu. Wale kware waliugua nini?