Mind Your Language: nichukue za mwanzo au za 1986? Na mkali ni Ali au Giovanni?

Chaukucha_Tanga:
Wadau habari za jioni. Mzee wangu alifundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, sasa kastaafu yupo tu nyumbani, kusoma hawezi sana macho yanamsumbua, juzi kaniuliza hivi yule Mr Brown wa Mind Your Language, ile komedi ya TV ya Uingereza ya mwalimu anayefundisha wageni Kiingereza, na darasa lake bado wanapatikana? Nimeenda kwa jamaa wa library ya muvi kasema anazo zote, ila flashi yangu ni GB 4 na nusu nzima imejaa taarabu za mama ambazo mimi sithubutu kuzigusa. Kwa hiyo lazima nichague, ni vile vipindi 29 vya 1977 mpaka 1979 au vile 13 vya 1986 ambavyo jamaa anasema picha yake iko safi zaidi? Mie kipindi hicho nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni baba anacheka mpaka anavua miwani. Halafu mkimaliza hapo mniambie kati ya wanafunzi wake Ali na Giovanni nani alikuwa mkali, maana kwetu hili lilikuwa linaleta ugomvi mezani.

Fundi Redio:
Chukua za mwanzo usijiulize mara mbili. Za 86 Ali hayumo. Dino Shafeek aliyekuwa anacheza Ali Nadim alifariki 1984, wakaja kufufua kipindi miaka miwili baadaye na yeye hayupo. Barry Evans, Mr Brown mwenyewe, yupo, na wachache wa zamani walirudi, ila darasa limepoa, unakaa unasubiri ile "oh yes please" haiji. Picha safi utacheka nayo?

nyotambili:
Naunga mkono na nakupa sababu moja tu, kipindi cha kwanza kabisa. Mr Brown kafika kuomba kazi, mkuu wa shule Miss Courtenay anamsimulia yaliyompata mwalimu aliyemtangulia, kwamba alitoka dirishani akapanda juu ya paa uchi wa mnyama anaimba kawimbo ka watoto ka birika la chai. Anasimulia kavu kabisa kama anasoma taarifa ya habari. Halafu Brown anaingia darasani anakutana na Ali, anamwambia mimi ni Brown. Ali anamcheka kwa upole, anamwambia hapana umekosea, wewe si brown, brown ni sisi, wewe mweupe. Sasa usisikilize maneno, mwangalie uso. Hana utani hata kidogo, anamsaidia mgeni ambaye anaona hajui rangi. Hapo ndipo Ali anapowapiga bao wote, hajui kama anachekesha.

Shangazi_Mombasa:
Wacheni hizo, Giovanni ndiye mwenye kipindi chake! Ali akosea kwa kutojua, Giovanni akosea kusudi, yule mpishi wa Kitaliano ana mdomo, mwalimu akiuliza swali yeye jibu lishafika na "okey cokey" yake na wenziwe washaanza kucheka. Na mbona wanaume mnatajana wenyewe kwa wenyewe, bi Jamila hamumuoni? Amekaa pale na sufi zake afuma, Kiingereza hana ila "good evening", na kila akifungua mdomo nyumba nzima yacheka. KBC walipokuwa wakiionesha mamangu alikuwa akifuma vitambaa vya makochi, basi siku Jamila akiinua sindano na mama aiinua yake.

BabaPili:
Samahani nitaharibu stori. Mimi nimeirudia mwaka jana nikashindwa. Mchina kazi yake kunukuu kitabu chekundu cha Mao, Mjapani anainama na kuongeza "o" kila mwisho wa neno, Singasinga anafumbata mikono anaomba radhi elfu moja, Mpakistani na Singasinga siku ya kwanza tu nusura wapigane kisa dini. Hata huko kwao LWT, kituo cha TV cha London kilichoitengeneza, bosi wao Michael Grade mwenyewe ndiye aliyeisimamisha kwa sababu aliona inadhalilisha wageni, na watazamaji walikuwa bado wapo wengi. Sisi tuliokuwa tunachapwa fimbo kwa kuongea kilugha shuleni ndio tulikuwa tunacheka zaidi kuliko wote, sijui tulikuwa tunamcheka nani.

Msee_wa_Donholm:
Na Mzee Ojwang utasema aje? Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini kwa Vitimbi, ile komedi ya KBC, anaongea Kiswahili cha Kijaluo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na miwani yake na nywele nyeupe. Matha yangu ni Mjaluo na ndiye alikuwa anacheka sana kwa nyumba, mpaka anaiga Ojwang akiiga Wajaluo, hapo sasa unashindwa nani ni nani. Alipoaga 2015 nilimpigia simu, akanyamaza kitu dakika moja hivi. Buda lafudhi ni lafudhi, inategemea imebebwa na nani.

Fundi Redio:
Msee umenikumbusha kitu. Wale waigizaji karibu wote hawakuwa watu wanaowaigiza. Danielle yule Mfaransa ambaye darasa zima linamkodolea macho ni Françoise Pascal, kazaliwa Morisi, jirani yetu wa Bahari ya Hindi. Max Mgiriki ni Kevork Malikyan, Muarmenia mzaliwa wa Uturuki. Juan Mhispania, Ricardo Montez, ni mtu wa Gibraltar. Ali wetu wa Pakistani kazaliwa Dhaka ambayo sasa ni Bangladesh. Ranjeet yule Singasinga, Albert Moses, ni wa Sri Lanka. Na Pik-Sen Lim wa Penang, Malaysia, Kiingereza chake cha kawaida kilikuwa kimenyooka kuliko cha wengi humu, ile "l" na "r" ya Su-Lee yule Mchina ilikuwa kazi tu.

BabaPili:
Sasa mkuu hiyo inatetea au inazidisha kosa? Maana yake hata hawakujali nani anatoka wapi, ilimradi siyo Mwingereza.

Fundi Redio:
Haya hapo umenishika 😂

Mkaazi_Leicester:
Mie nilikuwa nasoma kimya kimya ila hapa lazima niseme. Nilipofika Uingereza niliandikishwa darasa la jioni la Kiingereza, tuko Wasomali, Wapolandi, bibi mmoja wa Kigujarati mwenye sufi zake vilevile kama Jamila, wallahi siongezi. Usiku mmoja nikanusa gesi. Nikanyoosha mkono nikasema "Teacher, I hear gas." Kwetu si tunasikia harufu? Basi mwalimu akaweka kidole mdomoni, darasa zima likanyamaza, watu wanatega masikio wanaisikiliza gesi. Mie nawashangaa, mbona hawakimbii! Mpaka yule bibi alipokunja pua ndo tukatoka nje, na kumbe ni jiko la chumba cha pili halijafungwa vizuri.

Niliporudi nyumbani niliangalia kipindi cha kwanza cha MYL. Nilicheka, ila pale Ali anapomsahihisha Brown nilikuwa upande wa Ali. Kwa Kiingereza alichonacho, yuko sawa! BabaPili nakuelewa, zipo sehemu naruka, Taro yule Mjapani na Su-Lee wakianza matusi yao naruka. Za 1986 nilijaribu tatu nikaacha. Na Barry Evans maskini, kazi za uigizaji zilimkauka akawa dereva wa teksi huku huku Leicestershire, alifariki Februari 1997 ana miaka 53. Kila nikipanda teksi ya mzungu mtu mzima hunijia hilo wazo.

nyotambili:
Hiyo ya gesi Vince Powell, mtunzi wa kipindi, angeinunua 😭😭

Shangazi_Mombasa:
Mwanangu wa Leicester, ya gesi imenipa kikohozi. Ila Giovanni yuko palepale.

Chaukucha_Tanga:
Mrejesho. Nimechukua za mwanzo, jana usiku tumeangalia nne na mzee. Miwani kavua kipindi cha pili. Anasimamisha kila Mr Brown akiandika ubaoni, ananiuliza mimi sentensi ijayo ni wakati gani, nina miaka 41 nimekosa mbili. Nikamuuliza basi, Ali au Giovanni? Kasema wote watoto, mkali ni Miss Courtenay, anamkumbusha mkaguzi mmoja wa shule aliyekuwa anaingia darasani bila hodi na hakuna aliyewahi kumuona akikaa. Mama yeye kapita sebuleni mara tatu kuulizia taarabu zake, nimemuonesha zipo zote.