Nikolaus wa Flüe: aliacha mke na watoto kumi, akaitwa mtakatifu. Nielewesheni

Mama Pili, Morogoro
Tumsifu Yesu Kristo. Kwenye jumuiya mwenyekiti wetu katusomea habari za mkaapweke mmoja Mswisi, Nikolaus wa Flüe. Kazaliwa 1417, akawa mkulima, askari, diwani, hakimu. Akaoa, akapata watoto kumi. Alipofika miaka 50, kitinda mimba bado ananyonya, akaaga nyumbani akaenda kukaa bondeni na Mungu wake. Kina baba wakaitikia "Amina" kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwao.

Mimi sikuitikia. Nimelea wanne peke yangu. Baba yao naye alisema ameitwa, ila aliyemwita alikuwa Tunduma. Wa kwetu tunamwita mtoro, wa Uswisi anachongewa sanamu. Tofauti iko wapi? Nauliza kwa nia njema, msinirushie mistari ya Biblia mitupu.

Kisima
Mama, Kanisa limeshasema. Watakatifu hatuwajadili, tunawaomba.

Dada wa Luzern
Kisima, mwache aulize. Mama Pili, mimi nahudumia wazee karibu na Luzern, wengi wao wa jimbo la Obwalden, na kwa huyu "Bruder Klaus" wao (Ndugu Klaus, ndivyo wanavyomwita Nikolaus) huwaambii kitu. Siku zangu za mapumziko nimekwenda huko.

Kwanza ondoa picha ya jangwani. Unashuka treni Sachseln, unapanda basi hadi Flüeli, unaiona nyumba yake ya mbao, halafu njia inaporomoka kwenye korongo la mto Melchaa. Huko chini ndiko Ranft. Ni mwendo wa dakika chache. Mkewe, Dorothea Wyss (mwenyekiti wenu hakumtaja, sivyo?), angeweza kushuka kumwona na kurudi kabla maharage hayajaiva. Chumba chenyewe kimeshikana na kikanisa, dari iko chini mpaka unainama, na kidirisha kimoja kinatazama altare.

Pili, hakutoroka usiku. Mwaka 1465 aliacha uhakimu na udiwani. Hapati usingizi, anasali, hana raha. Rafiki yake padre Heimo Amgrund ndiye aliyemfundisha kutafakari Mateso ya Bwana kwa kuyagawa katika saa za sala. Aliliongea jambo hili na mkewe muda mrefu, na mama hakukubali mara moja. Akaondoka tarehe 16 Oktoba 1467. Wana wakubwa walikuwa watu wazima, shamba likabaki mikononi mwao. Hans baadaye akashika uongozi wa juu wa Obwalden. Yule mchanga akasoma Basel, akawa paroko wa Sachseln.

Nikolaus mwenyewe alitaja neema tatu alizojaliwa: mke na watoto kumridhia, kutoshawishika kurudi, na kuishi bila kula. Angalia ipi imetangulia.

Lakini sikufichi kitu. Aliaga ili aende mbali, upande wa Alsace, ambayo leo ni Ufaransa. Alipofika mji wa Liestal mkulima mmoja akamwambia arudi kwao, naye akageuza. Kwa hiyo siku ile mlangoni Dorothea alimuaga mtu asiyetegemea kumwona tena, na kichanga mkononi. Wazee wangu wakimsifu Klaus, mimi huwauliza habari za mama.

Mama Pili, Morogoro
Hakumtaja hata kwa jina! Asante, dada. Basi tofauti nimeiona: mwenzangu aliombwa ridhaa, mimi nilikuta kabati tupu. Sasa hilo la kutokula, mbona linanipita? Nani alihakikisha?

Katekista mstaafu, Ifakara
Binti yangu, huku kwetu picha yake tuliletewa na mapadre Wakapuchini wa Uswisi, waliofika Tanganyika mwaka 1921. Mzee mwembamba, ndevu, miguu peku, tasbihi mkononi.

Kufunga kwake kunasemwa karibu miaka 20, Komunyo tu. Hata wenzake hawakuamini. Wakuu wa Obwalden waliweka walinzi kwenye njia za bondeni wakivizia nani anapeleka chakula. Askofu msaidizi wa jimbo la Konstanz alipokuja kubariki kikanisa mwaka 1469, alimwamuru kwa utii ale mkate, ukampita kwa taabu kubwa. Kwa wakatekumeni wangu hapo sikukaa sana, maana darasa zima huishia kubishana habari za tumbo.

Nilikaa kwenye habari ya mji wa Stans. Desemba 1481 Waswisi walikuwa karibu kupigana wao kwa wao. Walikuwa wamemshinda vitani Charles, mtawala wa Burgundy, ngawira zikawagombanisha, na miji ya Fribourg na Solothurn inataka kuingia kwenye muungano. Majimbo ya vijijini yakaogopa kumezwa na miji. Wajumbe wameshafunga mizigo. Padre yule yule Amgrund, sasa paroko wa Stans, akaenda Ranft usiku kwa Nikolaus, akarudi na ujumbe wake tarehe 22 jasho linamtoka, akapita nyumba za wageni akiwasihi wajumbe wakae tena. Siku hiyo hiyo wakapatana, na miji miwili ikapokelewa. Na aliyetuma maneno hayo hajui kusoma wala kuandika! Anakaa korongoni, lakini wanaogombana wanamfuata huko huko.

Dada wa Luzern
Shikamoo mzee. Umelieleza vizuri kuliko kiongozi aliyetutembeza.

Mama Pili, ukipata Katekisimu fungua namba 226, sala yake imo, ile ya kumwomba Mungu aondoe yote yanayotuzuia kumfikia. Alifariki 21 Machi 1487, akatangazwa mwenyeheri 1649, na Papa Pius XII akamtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 1947. Masalia yake yako kanisani Sachseln. Dorothea hajatangazwa, ila Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika huko Juni 1984 alimtaja kwa heshima.

Mama Pili, Morogoro
Asanteni. Sikukuu yake tuiadhimishe lini? Mwenyekiti alisema Septemba, kitabu cha binti yangu kinasema Machi.

Dada wa Luzern
Wote wako sawa. Kwenye orodha ya watakatifu ya Kanisa ni 21 Machi, siku aliyofariki. Hapa Uswisi na Ujerumani ni 25 Septemba, maana Machi kwa kawaida huangukia Kwaresima. Kwa jumuiya chagueni Machi, ila msipike pilau.