Kimeng'enya kipo juu ya faji, lakini hakifanyi kazi. Nakosea wapi?

Mkesha_Maabara: Wakuu, habari za jioni. Wiki ya tatu hii nahangaika. Nimeunganisha kimeng'enya alkalini fosfatasi cha bakteria E. coli na pIII, protini ya ganda la faji M13 (kirusi cha bakteria), kwenye fajimidi (DNA ya duara inayopakiwa ndani ya faji), kisha nikaongeza faji msaidizi M13KO7, inayoleta protini nyingine za kuunda faji. Faji zinatoka tele. Nazigandisha kwa PEG (polima ya kuzitenga na maji) na chumvi, nazungusha, mashapo meupe nayaona kwa macho yangu, nayayeyusha kwenye PBS, ile bafa ya chumvi na fosfeti. Nikitia pNPP, kemikali inayogeuka njano kimeng'enya kikiikata, nangoja njano, saa nzima imepita, maji matupu! Nikipima kwa kingamwili, kimeng'enya kipo. Kimejikunja vibaya?

BintiPipeti: Kaka, kabla hujalaumu mkunjo tazama chupa yako. P ya kwanza kwenye PBS ni fosfeti! Fosfeti ndiyo inayobaki kimeng'enya hicho kikishafanya kazi, na ikijaa hukaa palepale pa kupokelea pNPP, mlango ukazibwa. Tumia Tris, bafa isiyo na fosfeti, ya pH 8, na zinki na magnesi kidogo. EDTA, kemikali inayokamata metali, isiwemo kabisa, inanyang'anya kimeng'enya zinki yake. Mimi ilinila mwezi mzima.

Mkunjo sioni kama ndiyo shida. Kimeng'enya hicho kwa asili yake hukaa kati ya tando mbili za E. coli, ambako madaraja ya salfa yanayoshikilia umbo lake hufungika vizuri, na pIII nayo hupita hapohapo kabla faji haijatoka. Watafiti McCafferty na wenzake walikionyesha juu ya faji kikiwa hai tangu 1991. Ungechagua kimeng'enya cha ndani ya seli, hapo ningekupa pole.

Mzee wa Sahani: Njano ikija usipige vigelegele, kijana. E. coli ana fosfatasi yake mwenyewe. Chukua seli zilezile, zitie M13KO7 bila fajimidi, upime faji zake sambamba na zako. Tena pIII hukatika njiani, kimeng'enya kikabaki kinaelea. Gandisha mara ya pili, umwage maji ya juu. Na usitegemee rangi kali: msaidizi huleta pIII yake tupu, kwa hiyo faji nyingi hutoka vipara, bila kimeng'enya.

Mkesha_Maabara: Dada, Mzee, asanteni. Jana nimehamia Tris: dakika kumi tu, njano! Ila na zile za M13KO7 peke yake zimegeuka kidogo, kama chai iliyozimuliwa. Leo nagandisha upya, PEG yenyewe imebaki kidogo.